Mzee Wetu Ananenepa, na Majirani Wameanza Kutuogopa

Likasi, Jumapili tarehe 18 mwezi wa kumi, 1970. Miaka miwili na miezi minne tangu nitoke kwetu.

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, na naomba unisamehe mwandiko, maana shule niliiachia darasa la nne, na mkono unaoshika nyundo kutwa haupendi kushika kalamu. Mimi ni mponda mawe wa Kakontwe, kwenye kariere ya mawe ya chokaa, na kwetu ni juu ya mji wa Kongolo, kijiji kilicho ukingoni mwa mto, safari ya treni ndefu mpaka mtu anasahau alikuwa anakwenda wapi. Mke wangu Julie yuko huko na watoto. Hapa ninalala kambini, na nikilala bado nasikia mashine ya kutoboa mawe ikilia ndani ya kichwa kama nyuki walioingia na hawajui pa kutokea, ndiyo maana siku hizi sijui vizuri ninapolala na ninapoamka, na pengine haya ninayokuandikia nusu yake nimeyaota, lakini mkono uliovunjika wa Octave si ndoto, nimeuona.

Mwaka jana niliingia katika kikundi cha msaada cha parokia yetu, sisi tunaopeleka chakula kwa wagonjwa wasio na mtu. Kiongozi wetu ni Mama Clémentine, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa, na sheria zake ni mbili tu. Tunakwenda wawili wawili, na hatupokei kitu kwa watu, hata maji ya kunywa. Anasema, "Tunatoa, hatupokei. Maskini asije akasema kanisa lilikuja kula kwake." Mimi nilipewa mwenzangu Octave, tunayefanya naye kazi kariere, mzaliwa wa mtaa wa Shituru na anakaa huko mpaka leo, wazazi wake wa Kasai, mtu wa maskhara sana. Tukapewa mgonjwa mmoja, mzee Dominique, anayekaa mtaa wa Kikula peke yake katika nyumba ya matofali mabichi, mtu wa reli wa zamani ambaye miguu imemkatalia. Siku ya kwanza tulimkuta amekauka kama ukuni, na Octave akaniambia mlangoni, "Ndugu yangu, huyu hatumlishi, huyu tunamzika."

Mama, tulimlisha. Uji wa karanga, bukari laini, ndio ugali wa huku, samaki mkavu akipatikana. Na siku moja, nilipokuwa namshika kichwa ili anywe, mzee akafungua macho akasema neno moja kwa lugha ya kwetu. Si Kiswahili, si Kiluba, ni lugha yetu sisi watu wa mto, ambayo tangu nifike Likasi sikuwa nimeisikia kwa mtu yeyote. Akaniuliza kama nimeufunga mtumbwi. Nikamjibu, nimeufunga, baba. Sijui kwa nini nilijibu hivyo, mtumbwi wenyewe haupo, lakini nilipojibu nilisikia harufu ya matope ya ukingoni, nikaona mama zetu wanaanika mihogo juu ya mawe, na nyumba ile ya Kikula yenye bati lililotoboka ikajaa mwanga wa majini, ule unaocheza ukutani jua likiwa linashuka, na tangu siku hiyo Mama mimi siendi Kikula, mimi ninakwenda kwetu. Mzee ananiita Nicolas, jina la mwanawe aliyekufa kitambo, nami naitika. Ananiuliza habari za watu ambao sikuwajua, namjibu hawajambo. Tunakaa hivyo. Jua linashuka, yeye anaongea, mimi nafunga macho, na wale nyuki kichwani wananyamaza.

Octave alichoka na lugha asiyoijua. Alikuwa anacheka, anasema, "Ninyi wawili mnanisengenya." Basi nikaanza kumwambia atangulie akaningoje barabarani na ndoo tupu, mimi ninamalizia. Alikubali. Sheria ya wawili wawili niliivunja hivyo, polepole, bila kuona kama ninaivunja.

Sasa nikueleze jambo jingine. Kazi ikiisha saa kumi, kariere nzima tunatoka weupe. Vumbi la chokaa linaingia kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka kwenye kope. Bomba la kuogea lipo, lakini foleni yake ni ndefu, na mzee hulala mapema, kwa hiyo mimi na Octave tulikuwa tunakwenda moja kwa moja, jioni, weupe hivyo hivyo, na ndoo iliyofunikwa. Akina mama wa avenyu ya mzee wakitukaribisha munkoyo, kile kinywaji chao cha mahindi, tunasema hapana, asante, kwa sababu ya sheria ya Mama Clémentine. Tulidhani hiyo ndiyo heshima.

Ninyi wa huku mnawajua batumbula. Sisi kwetu mtoni jina hilo hatuna, nililisikia hapa. Watu wanaoteka wenzao, wanawafungia mahali, wanawanenepesha kama nguruwe, na yule aliyetekwa anapotewa na akili, anasahau hata lugha ya watu, mwisho anauzwa akaliwe. Mimi nilichukulia ni hadithi za kutisha watoto. Siku moja Mama Martine, jirani wa mzee, anayeuza munkoyo mbele ya nyumba yake, akaniita pembeni ya ua.

"Baba wa kariere, sikia. Uyu muzee mbele alikuwa mukavu, hapana?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa angalia mashavu yake. Iko na mashavu sawa mutoto wa tajiri. Batu banauliza, bale bantu beupe banamunenepesha sababu ya nini?"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na Kiswahili yake ilienda wapi? Asubuhi minye namusalimia, ananijibu maneno siyajue. Mbele tulikuwa tunasikilizana. Na weye, kila siku nakupa munkoyo, kila siku unakataa. Muntu mwenye roho muzuri anakatalaka munkoyo?"

Nilipaswa kumwambia Mama Clémentine siku ile ile. Sikumwambia. Niliogopa atanipa mgonjwa mwingine.

Wiki iliyofuata nilikuwa ndani, macho nimefunga, mzee ananisimulia jinsi walivyokuwa wanavua samaki usiku kwa mienge. Octave alikuwa nje barabarani na ndoo. Mtoto alimwona akalia. Mwanamke mmoja akagonga sufuria, na wa pili, na wa tatu, avenyu nzima ikawa inalia sufuria, na wanaume wakatoka. Mimi Mama nilisikia zile sufuria. Nilisikia hata Octave akiita jina langu. Lakini nilikuwa mtoni, nikafikiri ni watu wa ng'ambo wanafukuza kiboko. Nilipotoka, Octave alikuwa chini, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo, damu imechora njia kwenye chokaa ya uso wake, na watu wanamuuliza.

"Weye nani? Sema!"

"Minye Octave! Wa kariere! Wa kanisa!"

Mama Martine akaja na beseni la maji machafu ya vyombo akammwagia mwili mzima, na ule weupe ukateremka, na chini yake akatokea mtu mweusi kama wao. Akasema, "Muone! Iko muntu! Muache!"

Mzee mmoja akajibu, "Na batumbula beko batu, Mama Martine. Ulizani beko bambuzi?"

Hata hivyo walituacha tukaondoka. Nilimbeba Octave mpaka dispansari. Njiani hakuniuliza kitu.

Mama Clémentine amekataza mtu yeyote kukanyaga avenyu ile mpaka yeye aongee na wakubwa wa mtaa. Lakini haendi. Anasema akienda komini, ofisi ya serikali, wataanza kumuuliza, kikundi hiki ni cha nani, mnakutana wapi, mnasema nini, kadi za chama ziko wapi, na siku hizi swali kama hilo halina jibu dogo. Anamngoja padri arudi kutoka safari. Na mzee ale nini wakati wa kungoja? Kwa hiyo mimi ninakwenda peke yangu. Ninakwenda alfajiri kabla ya king'ora cha kazi, ninapita nyuma, kwenye mashamba ya mihogo, ninaingia kwa dirisha. Juzi Mama Martine alinong'ona kupitia ukuta, "Baba, bameona alama ya miguu yako, nyeupe, kule nyuma. Usirudie tena." Nikatazama viatu vyangu. Ni kweli, chokaa haitoki viatuni hata nikivipangusa.

Mzee ananiuliza kila siku, tunaondoka lini kwenda kwetu. Nimemwambia, karibu. Hii ndiyo shida yangu. Jumapili ya Watakatifu Wote, alasiri, avenyu yote itakwenda makaburini na majembe kusafisha makaburi ya wazee wao. Hakutabaki mtu. Nimepata kigari cha kusukuma cha muuza makaa. Nataka kumfunika mzee blanketi, nimtoe, nimlete kambini chumbani kwangu, pana nafasi, nimtunze mpaka likizo yangu. Wakati mwingine naona ni jambo la wazi kama mchana. Wakati mwingine naamka na moyo unapiga kama ngoma, sijui kwa nini. Niambie, Mama, nimchukue au nisimchukue? Jina langu usiliandike.

Natazamia kurudi kwetu mwezi wa saba wa mwaka kesho, kiangazi, mto ukiwa chini na mchanga umetoka nje, na safari hii sitashuka peke yangu kwenye treni.

Mimi mponda mawe wa Kakontwe


JIBU

Baba wa Kakontwe,

Kwanza kirudishe kile kigari kwa mwenyewe. Leo. Barua yako imewaruka wengine wote waliokuwa mezani kwangu, nao watanisamehe, kwa sababu wao wanaumia moyo na wewe unakaribia kuuawa.

Hebu tazama unachotaka kufanya, lakini simama upande wa watu wa avenyu. Wanatoka kusafisha makaburi ya baba zao, wana huzuni, majembe yako begani. Wanafika. Kitanda cha mzee kitupu. Yule mzee ambaye watu weupe walimnenepesha miezi yote ile, ambaye amesahau Kiswahili, ametoweka siku hakuna macho. Hapo Mama Martine atasema nini cha kukutetea? Na wakikukuta barabarani na mtu mnene chini ya blanketi, beseni lake la maji halitakufikia kwa wakati. Moyo wako unapopiga ngoma alfajiri, unakuambia kweli. Usikilize.

Pole, baba. Nasema pole kwa dhati. Mtu aliyekaa miaka miwili bila kuitwa kwa lugha ya mama yake, akikutana nayo ghafla katika chumba cha mgonjwa, atafunga macho, nani asingefunga? Lakini ulipofunga wewe, Octave alibaki macho peke yake. Huendi pale kumtunza mzee tu. Unakwenda kutunzwa. Si dhambi, ila liseme, ulijue, maana njaa usiyoikiri ndiyo inayokupitisha madirishani.

Nawe Mama Clémentine, unasoma, nakujua. Sheria yako ya wawili wawili ni nzuri, ishike. Ile ya pili itupe. Nani alikufundisha kwamba maskini hana cha kumpa mgeni? Katika Kikula mtu anayeingia kwa watu na ndoo iliyofunikwa, akakataa kikombe chao, amesema mwenyewe kwamba nia yake ni mbaya. Umewatuma watu wako mtaani kwa watu bila kuwajulisha kwa watu. Usimngoje padri. Komini unaiogopa, naelewa, sote tuna sababu zetu, lakini shefu wa avenyu ni jirani, si komini. Nenda kwake na kitambaa kichwani na kiti chako mkononi, ukae, uongee. Ukingoja, mkono unaofuata kuvunjika utauunga wewe?

Sasa wewe, mponda mawe, fanya hivi. Dirishani usirudi tena. Chakula cha mzee kuanzia leo akipike Mama Martine, mlangoni kwake, mbele ya wote, na Mama Clémentine ndiye atakayempelekea unga. Jumapili hii, baada ya Misa, mchana kweupe, oga. Simama kwenye foleni ya bomba hata kama ni ndefu kama treni ya Kamina, sugua mpaka masikioni, vaa viatu vingine, azima kama huna. Mwende wewe na Mama Clémentine na shefu wa avenyu, kwa njia ya mbele. Kwa Mama Martine mpewe munkoyo, mnywe. Ukipewa cha pili, kinywe pia. Kisha mlango wa mzee ufunguliwe wazi, ukae naye, ule kwenye sahani yake kwanza wewe, ndipo yeye, watu wakitazama.

Na akianza kusema ile lugha yenu, usifunge macho. Wageukie watu uwatafsirie. Waambie, "Anauliza kama mtumbwi umefungwa. Anasema habari za samaki." Mtaa mzima unaogopa maneno ambayo ni habari za samaki! Wewe ndiye uliyekuwa nayo maana, ukaificha kama mtu anayekula peke yake gizani. Wape nao. Watacheka, watamuuliza mengine, na mzee atapata watu wa kuongea nao zaidi ya mmoja. Pengine hata Kiswahili chake kitarudi, maana kilikwenda kwa sababu hakuna aliyekuwa anakitaka tena.

Kuhusu kurudi naye mwezi wa saba, hilo si baya, lakini hujamuuliza. Umemwambia Nicolas atamchukua. Nicolas amekufa. Mshike mkono, umwambie jina lako, jina la baba yako, kijiji chako, halafu umuulize kama anataka kwenda. Akisema ndiyo akiwa anajua anayemjibu ni nani, basi mtaondoka mchana, kwa barua ya shefu, na avenyu ikimsindikiza mpaka stesheni. Akisema hapana, utamwacha, na ukifika kwenu utampelekea salamu.

Nimemaliza na mzee. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jambo moja na sikulipata. Unaniambia mkono wa Octave umevunjika, unaniambia ulimbeba mpaka dispansari. Hapo anapotea. Umekwenda Kikula alfajiri ngapi sijui, kwa kupita mihogoni, kumwona mgonjwa. Shituru kuna mgonjwa mwingine na njia yake ni wazi, hujasema umekwenda. Mimi umenieleza kwamba ulisikia akikuita na hukutoka. Yeye je, umemweleza? Hakukuuliza njiani kwa sababu anangoja umwambie.

Octave ndiye mtu wa kwanza ambaye kikundi kilikukabidhi, kabla ya mzee yeyote. Nenda kwake leo gazeti hili likiwa bado mkononi. Mwambie ulikuwa wapi, bila kuongeza na bila kupunguza. Akikutukana, kaa. Akinyamaza, kaa. Mkatie kuni, mchotee maji, na usiondoke mpaka yeye mwenyewe akuambie nenda.

Mshauri wako,
Mama Adrienne